Mbwa Aliyesukwa Twende Kilioni

Kaka yangu ni dereva wa lori la mahindi, na katika safari zake huokota vitu ambavyo hakuna aliyemwagiza. Safari hiyo alituletea mbwa. Alikuwa wa rangi ya majivu, mwenye manyoya marefu mpaka macho hayaonekani. Aliyemuuza alitaja jina la aina yake, ila kaka alilisahau kabla hajafika Tunduma. Alichokumbuka ni kwamba babu za mbwa huyo walichunga kondoo huko kwenye baridi. Nikasema sawa, mwezi wa saba wa Sumbawanga utamfaa.

Hakuchunga chochote. Ukimwita anageuza uso kukutazama, au nadhani alikuwa anatazama, kisha anaendelea alikokuwa anakwenda. Ukimtupia ugali kwa hasira haugusi. Ukiuweka chini taratibu, anakula. Nilimwona ana kiburi kuliko wenye nyumba. Nilimpenda hivyo hivyo, shingo upande.

Mwaka huo mama alikuwa amepata kiharusi. Miguu ilirudi, maneno yakarudi, mkono wa kulia ukabaki umelegea. Na mama ni msusi. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu wa Malangali wamewahi kukaa kati ya magoti yake. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alimpa mpira mdogo wa kufinya. Mama aliufinya kidogo, akaufungia kabatini.

"Mimi si mtoto wa kuchezea mpira," alisema.

Nilimbembeleza, nikamfokea, nikaenda kulia jikoni. Alianza kukaa ukutani, juani, kutwa nzima, mkono umelala mapajani kama si wake. Niliogopa kwamba ule mkono ukifa, na yeye ataufuata.

Mvua zilipokatika, mbwa akawa anarudi kutoka mashambani amejaa kishonanguo, zile mbegu nyembamba nyeusi zinazong'ang'ania sketi. Nikijaribu kuzitoa, ananguruma na kuondoka. Basi jioni moja nilirudi kutoka Chanji, kwenye duka la dawa ninakouza, nikamkuta amelaza kichwa kwenye mapaja ya mama. Mama alikuwa anachomoa mbegu mojamoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika sikio. Wa kulia ndio uliokuwa kazini. Nilisimama getini, nikaogopa hata kukohoa.

Mbegu zilipokwisha, akaanza kumsuka. Twende kilioni, ile mistari ya haraka ambayo mtu husukwa akisikia kuna msiba. Ilipinda. Vidole vilidondosha manyoya, vikayaokota tena. Mbwa alivumilia kadiri alivyopenda, kisha akainuka na kichwa kilichosukwa nusu, akaenda zake barabarani. Mama alicheka, na mimi nikacheka kwa furaha ya kumsikia.

Tangu hapo mbwa alikuja alipotaka mwenyewe. Kumwita hakukusaidia, wala kumshawishi kwa nyama. Siku asipotokea, mama alimsema kama mteja aliyehamia saluni nyingine. Siku akitokea, mama alisahau chai yake ikapoa.

Jirani yetu mmoja alipita akasimama.

"Shikamoo mama. Jamani, mbwa naye anasukwa?"

"Marahaba. Wewe hujasukwa tangu Pasaka, mwache mwenzio apendeze."

Wapo waliosema mtaani kwamba kiharusi kimempanda mama kichwani. Niliwaacha waseme. Mimi nilikuwa naangalia vidole, na vidole vilikuwa vinashika.

Jumapili moja mbwa hakuja. Mama alikaa na kitana, akatazama barabara hadi akachoka, kisha akanitazama mimi.

"Njoo ukae hapa."

Nilikaa chini kati ya magoti yake, mtu mzima na miaka yangu yote. Mkono ulitetemeka ukitafuta njia kwenye nywele. Kisha akavuta mstari wa kwanza, na kwa kuwa bado hakuweza kuipima nguvu yake, aliuvuta mpaka machozi yakanitoka.

"Nakuumiza?"

"Hapana, mama. Vuta."

Alisuka mpaka jua likazama, akipumzika na kuanza tena, na hakuna aliyemharakisha.

Jumatatu nilikwenda kazini na mistari iliyopinda kila upande. Mteja wa kwanza aliniuliza ni nani aliyeniharibu kichwa namna ile. Nikamwambia ni mama yangu, nikamgeuzia kisogo aone vizuri.