Athena Mwenye Ushungi wa Filina

Filina, mfumaji wa kisiwa cha Khio, alikuwa na mdomo mkali na mtoto mmoja tu. Mumewe alikwenda vitani Thrakia, bahari ikammeza. Tangu hapo wimbo wake ulikuwa mmoja: "Damoni, wewe huendi popote." Na kweli, kijana akafika miaka kumi na minane hajaenda popote.

Sasa mwimbaji akapita kwenye sikukuu, akaimba tenzi siku tatu. Na tenzi zetu mnazijua: shujaa akikwama, mungu wa kike Athena huja. Haji na radi. Huazima sura ya mtu wa karibu, humwambia shujaa neno moja la kumtoa nyumbani, kisha hugeuka ndege, akaruka zake. Damoni alisikiliza mdomo wazi.

Siku ya nne akaanza. "Mama, merikebu ya Thrakia inang'oa nanga leo."

"Mh."

"Niruhusu, mama."

"Utaniua, mwanangu."

"Lakini mama..."

Uzi ukakatika. "Haya, nenda! Nani kakufunga kamba? Chukua joho la baba yako uende, masikio yangu yapumzike!" Akabeba kapu la sufu, akabamiza mlango, akashuka mtoni. Mbayuwayu wa darini akatoka naye.

Hasira za Filina ni moto wa mabua. Mtoni alishaanza kujicheka, akamchumia mwanawe tini. Kufika nyumbani, akakuta divai imemwagwa kizingitini, pale pale aliposimama akifoka. Divai ya tambiko!

"Mirine!" akamwita jirani. "Nani katambika mlangoni kwangu?"

"Nani tena kama si mwanao! Kasema Athena kamtokea, tena kwa sura yako, hadi ushungi wako kauvaa. Nikamwambia, we mjinga, huyo ni mama yako. Akanicheka! 'Mama yangu mimi, aniambie niende?'"

Jamani! Tini zikamwagika. Filina alikimbia na umri ule, bila viatu, hadi bandarini. Merikebu ilikwisha kuachana na gati.

"Damoni! Ni mimi, mama yako! Rudi!"

Kelele za makasia zikayameza maneno. Lakini kijana aligeuka, akamwona, uso ukamng'aa. Akainua mikono yote miwili juu, kama tunavyoinua mbele ya miungu.

"Nakwenda, ee Athena!" akapaza sauti. "Wewe nitunzie mama!"