Sahani ya Mama Kwenye Njia Panda

Mpangaji wetu nilimpata kwenye rundo la mitumba. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, sabuni imerudi madukani, na sisi wa marobota tumejaa sokoni kana kwamba siku zote tulikuwa chini ya meza tukisubiri ruhusa. Akaja mwanamke mweusi, mrefu, hereni kubwa masikioni, akachambua rundo langu lote na kutoa vyeupe tu: shuka, blauzi, hata pazia. Nikahesabu vipande tisa. Nikahesabu tena, tisa. Nikamtajia bei ya mgeni.

"Dada," akasema kwa Kiswahili cha kuungaunga, "hiyo ni bei ya Mzungu. Akija utampa. Sasa nipe yangu."

Tulibishana mpaka jua likahamia upande wa pili wa kibanda. Mtu anayekuchosha hivyo humwachii apotee. Nikamwambia kwetu, Themi, kuna chumba.

Alikuwa Mbrazili, fundi wa kukata vito, ameletwa na mnunuzi mmoja wa mawe awafundishe watu wake kazi. Mama alimkubali kwa mambo mawili: aliamkia shikamoo bila kukumbushwa, na alimaliza sahani ya ndizi akaomba nyingine. Mama yangu, Mchaga wa Machame, mjane, alikuwa mwenyekiti wa kina mama usharikani, na hakuwa mtu wa kukubali watu ovyo.

Kila Ijumaa mpangaji alivaa nyeupe kuanzia kilemba mpaka viatu. Majirani wakasema amesilimu. Mimi nikamuuliza mwenyewe. Akanieleza kwamba mababu zake walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya magharibi ya Afrika, wakanyang'anywa kila kitu, ila roho walizoziabudu hakuna aliyejua pa kuzishika azivue. Wakavuka nazo bahari. Maorisha, ndivyo alivyoziita. Kila mmoja ana siku yake, rangi yake na chakula chake. Ijumaa ni ya mzee wa weupe. Oshun ni mrembo wa mito, anapenda asali na vioo. Ndiyo maana mpangaji alikuwa akishuka Mto Themi na kichupa cha asali, nami nilidhani anakwenda kutafuta mchumba. Na Eshu ni wa njia panda, mjumbe. Asipolishwa yeye kwanza, hakuna ombi linalofika.

"Kama karani wa masjala," nikamwambia. "Faili halisogei mpaka apate chai."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Ndiye huyo! Kumbe mnamjua!"

Basi Jumatatu moja asubuhi kina mama walikuwa wanakwenda kufanya usafi kanisani. Pale kichochoro chetu kinapokutana na barabara ya kanisani wakakuta sahani chini: unga wa muhogo uliokaangwa kwa mawese, pilipili nyekundu saba, kikombe kidogo cha pombe kali, na kipande cha mshumaa. Pilipili nilizihesabu baadaye mara mbili, zilikuwa saba kweli. Lakini hawakutishwa na pilipili. Kwetu kila mwanamke mwenye akili hutia alama vyombo vyake, maana vikienda msibani au harusini hurudi vimechanganyika. Alama ya Mama ilikuwa nukta tatu za rangi ya kucha ukingoni mwa sahani. Hakuna mwanamke usharika mzima asiyezijua, maana wote walishawahi kuziosha.

Wakaileta nyumbani juu ya kipande cha boksi, kama panya aliyekufa.

"Mwenyekiti, hii si yako?"

Mama akaitazama. "Ni yangu," akasema.

Wakamwambia Alhamisi kuna kikao, aje aeleze. Walipoondoka akamwita mpangaji uani.

"Umefanya nini na sahani yangu?"

"Goti lako, Mama. Kila siku unalia goti. Nilimwomba mwenye njia akufungulie. Ombi ni lako, kwa hiyo sahani nikachukua yako."

Nilitamani nimfunge mdomo. Angesema ni ombi lake mwenyewe, mambo yangeisha.

"Umepeleka goti langu njia panda?" Mama akauliza taratibu. "Mimi? Alhamisi asubuhi uwe umeondoka."

Siku tatu nilifanya biashara ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na mteja hakushuka hata kidogo.

"Mama, yule kakuombea mema. Huyo Eshu wake ni kama karani tu, anafikisha maombi."

"Aombe kanisani kama watu."

"Na Krismasi tukienda Machame, lile tone la mbege unalomwaga chini ni la nani?"

"La baba yako. Hiyo ni heshima. Usinichanganyie mambo, wewe."

"Baba akinywa ni heshima, Eshu akinywa ni uchawi?"

"Baba yako namjua. Huyo mwingine simjui!"

Mtu hakopeshi asiyemjua, hata mimi sikopeshi.

Alhamisi mpangaji alifunga mizigo: masanduku mawili na fuko moja. Akaniambia kabla ya kutoka lazima asafishe chumba kwa majani, asimwachie Mama jambo lolote baya. Akaenda kwenye uzio wetu, akakata majani na kurudi nayo mkononi. Mama alikuwa ametoka jikoni. Mpangaji akapiga goti mbele yake, kama walivyofundishwa kwao kumuaga mkubwa.

"Mama, nibariki niende."

Mama alikuwa anatazama ule mkono wenye majani. Uzio wetu ulikuwa wa masale, na kwa Mchaga akikujia mtu na isale mkononi kuomba msamaha, humkatalii. Hata kama amekuulia ng'ombe. Hata kama ni shemeji.

"Nani kakufundisha?" Mama akauliza, na akanigeukia mimi.

"Sijamwambia neno!" nikasema. Safari hii ilikuwa kweli.

"Huu mti kwetu upo, Mama," mpangaji akasema. "Tunaupanda mbele ya nyumba za maorisha. Unafukuza mabaya. Nilipouona hapa kwako siku ya kwanza, nikasema hapa nitakaa."

Mama akachukua jani moja. Akalikunja, akalikunjua.

"Inuka," akasema. "Na mimi goti langu halijapona, nisaidie nikae."

Jioni ile alikwenda kikaoni na isale lake mwenyewe. Akaliweka mezani, akasema mpangaji wake amekosa, yeye amemsamehe, je, wao? Walikuwa wanawake kumi na wanne. Nilisimama mlangoni, nikawahesabu mara mbili. Wengi wao masale yalikuwa kwenye uzio wa baba zao. Walinuna, wakaguna, ila isale hawakulikataa, wakaimba wimbo wa kufunga.

Jumamosi Mama alinituma sokoni nilete sahani moja ya bati, na nisilaliwe bei. Akaichorea nukta nne za rangi ya kucha, akaipuliza mpaka ikakauka, akamkabidhi mpangaji.

"Huyo karani wako ukitaka kumlisha, mlishe kwa hii. Na umweleze nukta tatu ni mimi, nne ni wewe. Asije akakosea mlango."