Mistari juu ya Kaburi la Mindra

Jirani yetu pale Kuluba, Candiru, ambaye sote tulimwita Mama Mindra, alijua kupamba kuta kuliko mwanamke yeyote wa upande wetu wa Koboko. Kila kiangazi, mtama ukishaingia ghalani, alisiriba nyumba yake upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kisha akachora kwa vidole: weusi wa makaa, wekundu wa kichuguu, weupe wa udongo wa kijitoni. Mistari ilipanda, ikapinda, ikafukuzana hadi mlangoni. Binti yake wa pekee, Mindra, kazi yake ilikuwa kutia nukta pembeni kwa kidole chake kidogo.

Mimi niliuliza sana. Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba kila mchoro una ujumbe.

"Mama, huu maana yake nini?"

"Iko muzuri."

"Ndiyo, lakini maana yake?"

"Wewe mutoto! Ukikula muhogo tamu, unauliza maana yake?"

Mwaka 1977 surua ilimchukua Mindra. Kaburi liliposiribwa, mama yake akachora juu yake mistari ileile. Nukta akazitia mwenyewe, ila kidole chake kilikuwa kinene mno.

Kwetu kaburi la Mkristo huchorwa msalaba, basi. Wazee wa kanisa wakanung'unika, na katekista Celestino akaja, kofia mkononi.

"Mama Mindra, hii iko nini? Nyoka?"

"Hapana, katekista. Mistari."

"Mistari ya nini?"

"Mindra alikuwa anapenda."

"Wazee wanataka tufute. Nipe neno moja tu nipeleke kwao. Sema iko njia ya mbinguni."

"Haiko njia. Nidanganye juu ya mutoto yangu?"

Celestino hakuwa mtu mbaya. Jumapili akawaambia waumini mwenyewe kwamba ile ni njia ya mbinguni, na kaburi halikuguswa. Mama Mindra, kwenye benchi la nyuma, aliinamisha kichwa. Mimi nilifurahi: hatimaye maana imepatikana!

Basi wanawake wakaanza kuja, wengine kutoka Koboko mjini. "Ona pale inapinda, ndiyo majaribu." "Na nukta ni rozari." Odile, mchuuzi wa vitenge kutoka Zaire, akaomba kaburi la mwanawe nalo lichorwe njia. Mama Mindra akachora, maana aliyefiwa hanyimwi. Lakini nyumba yake mwenyewe hakuipamba tena. Kiangazi kikaja, kikapita, ukuta mtupu.

"Mama, mbona huchori?"

"Watu wanakuja kusoma. Hakuna mutu anaangalia." Akapeta mtama. "Hata mimi sasa nikienda pale, naona njia. Ile Mindra alipenda, siioni."

Mwaka 1979 vita vikatufikia. Kwanza walipita askari wa serikali iliyoangushwa wakikimbilia mpakani, wengine bila viatu, kisha ikawa zamu yetu. Baba alifunga godoro kwenye baiskeli, akanituma nimwite Mama Mindra.

Nilimkuta kaburini. Alikuwa amelisiriba lote upya. Njia ya mbinguni ilikuwa chini ya udongo mbichi, naye anachora juu yake, taratibu, kama mtu asiyesikia bunduki.

"Mama, twende! Watu wote wameondoka. Nani ataona?"

"Hakuna."

"Na mvua itafuta!"

"Itafuta." Akanishika mkono, akachovya kidole changu cha mwisho katika udongo mweupe. "Yangu iko nene. Weka hapa pembeni."

Nikaweka. Nukta, nukta, nukta, haraka haraka, mpaka Baba alipokuja mwenyewe kutuvuta, akifoka kwamba tumerukwa na akili.

Mvua ilitukuta kabla hatujavuka kuingia Zaire. Ilikuwa kubwa. Mama Mindra hakugeuka nyuma. Alitembea mbele yangu na mkeka kichwani, maji yakimtiririka mgongoni.

"Nukta zako zilikwenda ovyo," akasema mwishowe. "Za Mindra pia zilikuwa hivyo."