Mama Aliyezuia Gari Kiwandani

Juzi nilikuwa Karatu, njia ya Buger, wataalamu walipokuja kupima udongo na maji kwenye kiwanda cha ngozi kilichofungwa. Walichimba karibu na geti, msimamizi wa kiwanda akasema inatosha. Mama mmoja wa bondeni akatandika shuka lake mbele ya gari, akaketi.

"Mama, tupishe," msimamizi alisema.

"Sipishi. Pimeni na kule tunakoteka maji."

"Nani kakupa ruhusa?"

"Mlipomwaga dawa zenu, mliniomba ruhusa?"

Mtaalamu alizima gari, wakaenda bondeni, wakachimba kando ya kisima. Tope lililotoka lilinuka hadi msimamizi akaziba pua.

Majibu ya maabara bado. Mama amefunga kisima kwa miiba na kupanga madumu matupu getini, na majirani wameongeza ya kwao. Mkubwa anayelalamika kuwa wananchi hawajitokezi kwenye mikutano ya ushirikishwaji, apite pale getini.