Baba Mukwe na Velo Isiyo na Freni

Leo kidogo tu nimuue baba ya muke wangu.

Kuna velo ya kurse, baiskeli ya mashindano, ya zamani ninayotengeneza nyumbani, rangi imekauka, inang'aa! Nikaingia ndani kuleta kamba za freni.

Kutoka hivi, muzee ameshapanda. Anashuka mutelemuko kwenda kwenye barabara ya malori!

Nikakimbia. Na mukwe hatumuiti kwa jina, munajua. Nikapiga kelele: "Baba mukwe! Haina freni!"

Wazee wote wa pale njiani wakageuka, isipokuwa yeye.

Lori likapiga honi.

Akakandamiza sandali kwenye mupira wa nyuma, kama wale wanaoshusha ndizi toka milimani. Velo ikasimama. Sandali inatoa moshi.

"Mukwe wangu," akasema polepole, "binti yangu asijue."

Binti yake alikuwa nyuma yangu.

Wandugu, leo nalala kwa nani?