Chokaa ya Bibi, Kuku wa Meksiko

Kikundi chetu cha akina mama pale Kinjumbi kina kanuni moja inayosomwa kwa fahari kuliko nyingine zote: mara moja kwa mwaka tunaondoka nyumbani kwenda kupumzika na jiko. Waume wanabaki na masufuria, watoto wanabaki na waume, na sisi tunashona madera ya rangi moja, tunapanda basi, tunakwenda mahali ambapo hakuna mtu wa kutuuliza mboga iko wapi. Mwaka niliojiunga, nikiwa mdogo kuliko wanachama wote, tulikwenda Kilwa Masoko. Tulipika tangu tulipofika mpaka tulipoondoka. Sijawahi kuona watu wakipumzika kwa bidii namna ile.

Chanzo kilikuwa kikundi cha akina mama wa Njinjo. Hao walikuwa wamekwenda Lindi mjini, wakarudi na picha za chakula cha Kichina. Picha zile zilizunguka kwenye simu za watu hadi zikatufikia. Mwenyekiti wetu alizikuza kwa vidole viwili, akakagua tambi moja moja, kisha akasema, "Wanakula minyoo, halafu wanajisifu." Lakini kila nilipomwona siku zile alikuwa anazitazama tena.

Kwenye kikao akatangaza: "Safari hii na sisi tutakula chakula cha ng'ambo. Tena hatununui. Sisi tuna mtu wetu."

Wote wakageuka kumtazama mama mkubwa wangu.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Kabla hajarudi kijijini alikuwa mpishi Dar es Salaam, kwenye nyumba ya familia ya Wameksiko, mpaka familia ile ilipohamishwa. Tangu arudi hapitishi kitu bila kukilinganisha na Meksiko. Ukimwonyesha pilipili, atakwambia kule kuna kubwa kama tango. Ukilalamika mvua imechelewa, atakueleza mvua za Meksiko zinavyonyesha, na yeye mwenyewe hajavuka hata Bagamoyo. Wenzake walimwita Balozi. Akishaondoka, walisema hapakuwa na Wameksiko wowote, alikuwa anaosha sahani kwenye mgahawa Kariakoo.

Mimi niliamini. Jioni tukichambua dagaa, alikuwa ananisimulia habari za bibi mmoja wa Kimeksiko, mama wa bosi wake, aliyekuja kutembea akaishia kukaa jikoni. Hawakuwa na lugha moja. Bibi yule alimfundisha kwa mikono tu: akikosea alimpiga kofi kiganjani, akipatia alimbusu shavuni. Nilikuwa nalijua jiko lile kama ninavyolijua la kwetu. Bila hadithi hizo, nyumba yetu ingekuwa na dagaa tu.

"Basi tuelewane," Mwenyekiti alimwambia mbele ya wote. "Ukitupikia tukaona kweli ni cha Meksiko, nitakuita Balozi kwa heshima, na atakayekucheka atanijua mimi ni nani. Ukishindwa, hadithi zako uziache hukohuko Masoko. Tusizisikie tena kisimani, kikaoni wala msibani."

"Hata msibani?" mama mkubwa aliuliza.

"Hasa msibani."

Mama mkubwa akakubali.

Tulifikia nyumba ya wageni yenye ua mkubwa. Tukavaa madera yetu ya rangi ya chungwa, tukakaa ukumbini kama fungu la sokoni, na Mwenyekiti akasoma kanuni upya. Anayepika ni Balozi. Atasaidiwa na mtoto wake, yaani mimi. Wengine wote ni marufuku kugusa chungu, kwa sababu tumekuja kupumzika. Tukapiga makofi.

Mama mkubwa akasimama kueleza kazi. "Mkate wao unaitwa totila. Tunaanza leo, kwa sababu mahindi yanachemshwa na chokaa, halafu yanalala."

Makofi yakakatika.

"Chokaa ipi?" aliuliza katibu.

"Hii nyeupe."

"Ya ukutani?"

"Shoga, mimi nimeacha watoto nyumbani."

"Huyu anataka kutupaka kwa ndani kama choo cha shule!"

Mwenyekiti alishaweka mkono kiunoni. "Balozi, kama hadithi zimekwisha, sema. Si lazima utuue."

Kwenye mkeka, pembeni, alikaa yule tunayemwita Bibi, mwanachama mzee kuliko sote, akitafuna tambuu. Tangu tushuke kwenye basi alikuwa hajasema neno. Alitema, akajifuta mdomo, akanyanyua kijaluba chake, kile kikopo cha shaba anachowekea majani, popoo na vikorokoro vyake. "Na hii ninayokula mimi ni nini?" akauliza. "Siagi? Nakula chokaa tangu sijaolewa. Nimezika waume wawili, na hao hawakuigusa."

Hapo ndipo kila mtu akakumbuka kwamba kwenye tambuu mna chokaa. Mama mkubwa alikwenda kupiga magoti mkekani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hunipati."

"Kidogo tu, Bibi."

"Kidogo ndicho nilicho nacho. Nikikupa wewe, mimi nitakaa hapa nikifanya nini? Nitazame maji?"

Tulijaribu sokoni. Madukani kulikuwa na ya kupaka nyumba tu, na muuza tambuu, tuliambiwa, kaenda msibani Somanga. Mama mkubwa akarudi mkekani na safari hii hakuomba. Alikaa tu chini, kimya, mikono mapajani. Nadhani Bibi hakuwa amezoea kumwona hivyo. Alifungua kijaluba, akaikomba chokaa yote kwa kidole, akaipaka kwenye kisosi.

"Totila ya kwanza yangu," alisema. "Na kama ni uongo, nitasema ni uongo. Mdomo wangu hautakuwa na kazi nyingine."

Totila inapikwa hivi, kwa anayetaka kujaribu. Chukua mahindi meupe makavu, yachemshe kwenye maji mengi uliyokorogea chokaa ya tambuu kijiko kimoja. Usingoje yaive. Bonyeza punje kwa kidole, ganda likiteleza, epua. Yaache ndani ya maji yale mpaka asubuhi. Kisha yasugue kwa viganja, maganda yatatoka yenyewe, na uyaoshe sana, sana, mpaka maji yatoke safi kabisa. Twanga yakiwa bado na unyevu, halafu saga kwenye jiwe mpaka upate kinyunga laini. Kata donge kama limau, liweke katikati ya nailoni mbili, gandamiza kwa kitako cha sufuria. Sisi tulitumia nailoni zilizofungiwa madera mapya. Kikaango kiwe kikavu.

"Bila mafuta?" mmoja aliuliza.

"Bila mafuta."

"Maskini, watu wale."

Kutwanga kulikuwa kazi kubwa, na waliokuja kupumzika hawakuweza kutazama mtu akitwanga peke yake. Kanuni inakataza chungu, walisema, haijataja kinu. Basi wakapokezana mchi, madera yamefungwa viunoni, wakiimba. Mwenye nyumba ya wageni alichungulia akatuuliza kama tuna harusi.

Mchuzi wa kuku wao unaitwa mole. Huu mama mkubwa alikuwa akiutaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja aliyefariki. Kaanga pilipili kavu ulizozitoa mbegu, bila kuziunguza. Kaanga ufuta, karanga, vitunguu, saumu, nyanya, kipande cha mkate mkavu, mdalasini na karafuu chache. Ufuta tulikuwa nao, maana tunaulima wenyewe, ingawa wote unakwenda kwa wanunuzi na sisi tunauonja ukimwagika. Saga vyote pamoja, pika polepole na supu ya kuku, na mwishoni tia kakao.

Kakao ilileta kikao cha dharura.

"Kuku na kakao?"

"Mimi nimeshakunywa chai nikala kuku. Lakini si kwenye sufuria moja!"

"Mnaona? Mtu akianza uongo hajui aishie wapi."

Mama mkubwa alichota kakao. Aliitia, akakoroga, na mchuzi ukawa mweusi unaong'aa. Alionja, akafumba macho, akaniangalia. Nikajua umekaa sawa. Kisha ikaadhiniwa adhuhuri. Akaniambia niendelee na totila na niangalie moto, akaenda kuswali.

Wa kwanza kuja alikuwa katibu. "Naangalia moto tu, mwanangu," alisema. Akafunua sufuria. "Uuh! Mchuzi huu mbona kama wa mgonjwa?" Kutoka chini ya dera akatoa bakuli la tui.

"Mama mkubwa amesema..." nilianza.

"Mama mkubwa wako anaswali. Mwache aswali."

Akamimina, akakoroga, akaondoka akiniwekea kidole mdomoni. Moto haujatulia akaja wa pili na kikombe. Wa tatu alikuja na tui na chumvi. Wote walikuwa wanaangalia moto. Ndipo nikafahamu kwa nini mabegi yalikuwa mazito kule kwenye basi: watu walikuja kupumzika na jiko, na kila mmoja amekuja na nazi yake chini ya nguo, na wengine na mbuzi ya kukunia, kwa sababu hakuna aliyeziamini nazi za Masoko.

Wa mwisho alikuwa Mwenyekiti mwenyewe, na jagi la tui zito.

"Marufuku ile ni ya wengine," alinieleza.

Mama mkubwa aliporudi, mole ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Alionja. Hakufumba macho.

"Nani?" aliuliza.

Ukumbi mzima ulikuwa umegeukia dirishani. Bahari haijawahi kutazamwa vile na watu waliokua kando yake.

Hapakuwa na muda wala kuku mwingine. Tulipakua. Totila ya kwanza nilimpelekea Bibi kwa mikono miwili. Ilikuwa imefura katikati, ina harufu ya mahindi ya kuchoma na ya nyumba iliyopakwa juzi. Aliikunja, akaitafuna taratibu. Wengine hawakungoja. Walimega, wakachovya, wakamega tena. Yule aliyesema habari za chai na kuku alikuwa anafuta bakuli kwa kidole. "Kumbe Wameksiko ni watu wa huku huku!" alisema mmoja, na vigelegele vikapigwa.

Mwenyekiti akatoa simu, akaanza kurekodi. "Ndugu zetu wa Njinjo, hamjambo? Sisi tuko Meksiko." Akazungusha simu juu ya sahani, kisha akamwelekezea mama mkubwa. "Balozi, waambie wenyewe. Hiki ndicho wanachokula kule. Sivyo?"

Alihitajika kusema ndivyo, basi. Nilimwomba moyoni aseme. Huyu ni mtu aliyewahi kuniambia Wameksiko wana panzi watamu kuliko dagaa. Na hapa alikuwa ameshashinda, Balozi kwa heshima, hadithi zake huru mpaka msibani.

Mama mkubwa aliangalia simu, akaangalia sufuria.

"Totila ndiyo yenyewe," alisema. "Hiki kingine sicho."

"Unasemaje?"

"Sicho. Kule hawatii nazi. Yule bibi angeonja hiki, angenipiga kofi."

Mwenyekiti alishusha simu. "Unajua ulichosema? Tulielewana. Umeshindwa kwa mdomo wako mwenyewe."

"Nimeshindwa," mama mkubwa alisema, akaanza kukusanya sahani. Sahani nyingine zilikuwa bado na chakula. Nilishika upande wa pili wa sinia ili apate mtu wa kushika naye.

"Keti," Bibi alisema kutoka mkekani.

Mama mkubwa akaketi. Sote tukaketi, hata waliokuwa wamekaa.

"Wewe Mwenyekiti. Kama huyu hajawahi kukionja chenyewe, amejuaje kwamba hiki sicho? Umemletea sifa, unamsukumia mdomoni, naye kaikataa. Angekuwa mwongo angeimeza, tukapiga vigelegele, tukaenda zetu." Alikung'uta kijaluba chake kitupu. "Nimekaa bila tambuu, nina hasira na kila mtu hapa, na ninasema: alikuwa na hao watu. Sasa niambieni, nazi katia nani?"

"Mimi kidogo tu," katibu alisema.

"Mimi kikombe. Kidogo."

"Mimi nilidhani hajatia mtu."

Tui dogo dogo likaungamwa ukumbi mzima, mpaka macho yakamfikia Mwenyekiti.

"Kikao kimefungwa," alisema.

Video ilikwenda Njinjo, lakini inaishia kwenye neno "Sivyo?" na baada ya hapo ni vigelegele vilivyobandikwa kutoka video nyingine. Mtoto wa Mwenyekiti ndiye aliyeikata. Siku hizi kwenye harusi za kwetu kuna kuku wa Kimeksiko, na anatiwa nazi. Kikundi kilijadili jambo hilo kwa kirefu na kuafikiana kwamba Wameksiko wanakosea. Kila sahani ikipita mbele ya mama mkubwa, anasema kwa sauti, "Sicho," na wanampa mnofu mkubwa.

Siku ile tulipokuwa kwenye basi tunarudi Kinjumbi, Mwenyekiti aliniomba nihame kiti. Akakaa pale nilipokuwa nimekaa, akaweka pochi mapajani.

"Yule bibi," alimwambia mama mkubwa, "akikupiga kofi, ulikuwa unafanyaje?"

Mama mkubwa alijiweka sawa, akaanza tangu siku gari lilipomshusha bibi yule getini na masanduku yake. Mbele yetu Bibi, mdomo mtupu, aligeuza shingo.

"Sema kwa nguvu," alisema. "Na sisi wa huku tusikie."