Gayogayo Waliokulia Jarubani

Marehemu mume wangu aliniachia jaruba moja la chumvi, Kilwa Kivinje, ubavuni mwa mikoko. Arobaini haijapita, shemeji yangu, mdogo wake, akaanza kulimezea mate. Akaniambia, "Shemeji, jaruba halikai bure. Maulidi ya mwakani ikifika hujalifanyia kitu, nalichukua niliunge na langu, nianikie chumvi." Mimi huyo, nichezewe! Enzi za Mwingereza hizo, na mjane alikuwa mtu wa kuamuliwa.

Wanawake tulikuwa tukitanda uduvi, tukiukokota kwa kanga, wawili wawili, maji ya magotini. Ndani ya uduvi huja vitoto vya gayogayo, wale samaki bapa, vyeupe hata utumbo unauona. Vikiwa vichanga vina jicho huku na huku kama samaki wengine. Vikikua, jicho moja huhamia upande wa pili, vikalala ubavu mchangani. Wenzangu walivitupa. Mimi nikavipeleka jarubani nivifuge.

Wifi yangu akanishauri niwape machicha ya nazi. "Kuku wananenepa, samaki nao washindwe?" Nikamwaga machicha. Maji yakachacha, jua likayachemsha, wengi wakafa. Waliobaki wakatoka na mbalanga mgongoni na jicho limekwama utosini. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. "Umefuga samaki au majini?" Nililia, lakini kwa hasira.

Nikajiuliza, baharini nani huwapa machicha? Nikakausha jaruba, nikamwaga mchanga safi chini, nikachimba mfereji ili maji yakijaa yaingie na yakipwa yatoke. Safari hii nilitia vitoto vichache, visibanane, nikavilisha uduvi wadogo, wazima, wanaoruka. Basi macho yakahama kama yalivyoumbwa. Nilipomwona wa kwanza amelala ubavu, macho yote mawili juu ananitazama, rangi yake mchanga mtupu, nilipiga vigelegele peke yangu kule mikokoni.

Maulidi ilipofika niliwavua, nikawachoma na kuwapaka kwa nazi na ndimu, wamenona, hawana doa. Shemeji alikula mpaka akanyonya mifupa, wala hakunitania. Nilifurahi, sifichi.

Kesho yake asubuhi nikamwona anakuja na jembe begani. Nikasimama mbele ya mfereji wangu. Akaangalia chini.

"Shemeji," akasema, "jaruba la pili la samaki tulichimbe wapi?"

Nikamwonyesha pale pale alipoanika chumvi yake.